Msonobari katika Sinia

Wajapani hupanda mti katika chombo kifupi, wakaukata na kuufunga waya hata ukae mdogo, nao huonekana kama mti mzee wa mlimani utazamwao kwa mbali. Huuita bonsai, maana yake kilichopandwa katika sinia. Mimi ninayo mitini minne ya namna hiyo barazani, na siku nyingi najiuliza: je, niongeze msonobari?

Uzuri wake naupenda, lakini uzuri pekee si sababu ya kutosha. Mtini husamehe makosa: ukiukata ukabaki shina tupu, baada ya majuma machache huchipua. Msonobari sivyo. Tawi likinyang'anywa majani yake yote ya sindano, kwa kawaida hufa. Tena hautaki kukaa ndani ya nyumba. Wataka jua tele na udongo usiotuamisha maji. Mtini ukiona kiu hulegea majani mara moja, bali msonobari waweza kubaki kijani majuma kadhaa, kumbe umekwisha kufa.

Tazameni mfano. Katika bustani ya miti ya taifa mjini Washington uko msonobari mweupe wa Kijapani, uliotunzwa chomboni tangu mwaka 1625. Ulikuwa wa jamaa ya Yamaki, watu wa Hiroshima. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, nyumba yao ilikuwa mbali kilometa tatu hivi, na ukuta uliukinga mti. Mwaka 1976 Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani. Habari ya bomu ilijulikana huko mwaka 2001, wajukuu wake walipokwenda kuutazama. Basi mti mmoja umehitaji mikono ya vizazi vingi.

Nikamwuliza mwanangu mkubwa: "Nikisafiri, nani atamwagilia?" Akajibu: "Baba, hata ile minne uliisahau mwezi uliopita, nikaimwagilia mimi." Nikanyamaza, kwa maana alisema kweli.

Shauri langu ni hili: mwaka huu sitatafuta msonobari. Nitaanza na mche wa mpodo, nao ni wa jamii ya miti hiyo, lakini huota wenyewe katika milima ya Kivu na umezoea hewa yetu. Mwanangu ataulea pamoja nami. Ukiishi miaka mitatu, tutazungumza tena.

Nawe msomaji, kabla ya kuongeza kitu nyumbani mwako, usihesabu bei yake tu. Hesabu na siku utakazokitumikia.