Mzee Akisema Anasahau

Shangazi yangu wa Mamba Miamba, huku Upareni, aliuza tangawizi miaka mingi bila daftari. Nani kachukua debe ngapi, nani kalipa nusu, yote aliyaweka kichwani. Jioni moja tukichambua maharage ya makande akaniambia, “Mwanangu, siku hizi kichwa hakishiki.” Nikamjibu kama wengi wetu tunavyojibu: “Ni uzee tu, shangazi.” Zahanati alikokwenda nako akaambiwa hivyo hivyo, akapewa vidonge vya maumivu. Makala haya yamezaliwa na jibu lile, ambalo leo najua lilimfunga mdomo.

Anayesema “nasahau” anatoa taarifa, na huenda yeye ndiye wa kwanza kuipata. Picha za ubongo zimeonyesha kwamba baadhi ya wazee wanaolalamikia kumbukumbu, ilhali vipimo vya kawaida wanavifaulu, tayari wana mabadiliko: hipokampasi, sehemu ndogo inayotunza mambo mapya, imeanza kusinyaa. Mwenye kichwa huhisi mzigo umekuwa mzito kabla mpimaji hajaona kosa. Si kila anayelalamika ataugua. Wengi hawaugui kabisa. Msiba, usingizi mbovu, sonona, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, hata dawa anazomeza, vyote huvuruga kumbukumbu, na vingi kati ya hivyo vina tiba. Presha nayo, isipotibiwa, huharibu mishipa midogo ya ubongo kimyakimya. Ukishasema “uzee tu”, hakuna anayetafuta lolote kati ya hayo.

Jirani zetu wa Hai, mkoani humu humu Kilimanjaro, walifanyiwa utafiti mwaka 2009 na 2010. Kwa wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 katika kila 100 walikutwa na dimenshia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kujiendesha. Kilichonigusa zaidi ni kipimo kilichotengenezwa huko baadaye, kiitwacho IDEA. Vipimo vingi vilivyotoka Ulaya na Marekani hutaka kalamu na kusoma; bibi ambaye hakuona darasa angeanguka hata akiwa na akili timamu. Hiki humwuliza daraja ni nini, humtaka ataje wanyama kwa dakika moja, kisha humpa njiti za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Njiti za kiberiti! Kila jiko la Upareni linazo.

Zahanati za kwetu mlimani hazina mashine ya kupiga picha ubongo. Zina muuguzi, kadi na kipimo cha presha. Naomba mzee anapofungwa kile kitambaa mkononi aulizwe pia kumbukumbu yake ikoje, na jibu liandikwe kwenye kadi, ili ziara ijayo lilinganishwe. Na aliyemsindikiza naye aulizwe. Hili la pili nalisisitiza, kwa sababu ugonjwa ukisonga mbele, mara nyingi humnyang'anya mtu hata uwezo wa kujua kwamba anasahau.

Mwaka uliofuata shangazi aliacha kulalamika. Tulifurahi. Wateja ndio walioanza kuja nyumbani: kawadai waliokwisha kulipa, kauza debe lile lile kwa watu wawili. Tulipomwuliza, alitutazama kwa mshangao wa kweli. “Mimi? Mimi sijasahau kitu.”