Dorkasi Alishona Akagawa

TUSEME UKWELI
Na Salome Mbwilo

Kongamano la akina mama siku hizi hutangazwa mara mbili. Mara ya kwanza ni kanisani baada ya ibada: tarehe, mahali na jina la mhubiri mgeni. Mara ya pili ni jioni ileile kwenye grupu la WhatsApp, na safari hii tangazo linakuja na picha ya kitenge. La kwanza hupokewa kwa vigelegele. La pili ndilo linaloamua nani atakwenda na nani atabaki nyumbani.

Leo nataka tuzungumzie hilo la pili, maana ndipo uongozi wa akina mama makanisani unapopimwa, na ndipo viongozi wengi wanapofeli bila kujua.

Tupige hesabu. Tuseme kitenge ni shilingi 25,000. Fundi anataka 20,000, kwa kuwa mshono umeshapangwa na kamati na hakuna ruhusa ya kuubadilisha. Ongeza nauli, mchango wa chakula, zawadi ya mgeni rasmi na bahasha ya mchungaji, tuseme 30,000 nyingine. Jumla 75,000. Sasa mchukue mama anayeuza vitumbua asubuhi, ambaye siku ikiwa njema anabaki na 5,000 baada ya kutoa pesa ya mchele, mafuta na mkaa. Anatakiwa kuweka faida ya siku 15, na katika siku hizo asile, asidaiwe kodi na mtoto asiugue. Hilo ni kongamano moja tu. Bado Pasaka, bado sikukuu ya mavuno, bado harusi ya binti wa mwenyekiti, na kila shughuli ina kitenge chake.

Mama huyo hatasimama kikaoni aseme hana. Ataanza kukosa vikao vya Jumamosi kwa kisingizio cha wateja. Baadaye ataacha kwaya. Mwisho utamwona Jumapili amekaa nyuma karibu na mlango, na matangazo yakianza anainuka kimyakimya. Mwisho wa mwaka katibu ataandika kwenye taarifa kwamba mahudhurio yameshuka kwa sababu akina mama wamepoa kiroho. Hawajapoa. Hawana hela.

Niliwahi kuhudhuria kikao ambacho mhazini alisimama na daftari lake la kaunta. Waliolipia kitenge alikuwa amewaandika kwa kalamu ya bluu, wasiolipia kwa nyekundu. Akaanza kusoma majina, bluu kwanza, kisha nyekundu, kwa sauti ileile anayosomea Zaburi. Mama mmoja wa makamo akafungua mkoba wake, akawa anatafuta kitu ndani yake, akatafuta, akatafuta, mpaka jina lake lilipopita ndipo akaufunga. Sidhani kama mhazini alikusudia kumwaibisha mtu. Daftari lake lilikuwa safi na mahesabu yalikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho. Lakini kama kazi ya chama ni kumchunga mama huyo, basi siku ile chama kilikuwa kinamfukuza kwa utaratibu mzuri kabisa.

Wapo watakaosema Salome anachukia sare. Sichukii. WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki uliozaliwa mwaka 1972, uliadhimisha miaka 50 Septemba 2022 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Ukiutazama umati ule wa sare, huwezi kujua nani alishuka kwenye gari lake na nani alilala njiani kwenye basi la kukodi. Hiyo ndiyo kazi ya sare. Na ukitaka kuona thamani yake zaidi, nenda msibani. Mama aliyeishi maisha yake yote kwenye chumba kimoja cha kupanga anasindikizwa makaburini na mistari miwili ya wenzake waliovaa sawasawa, wanaimba, na majirani waliokuwa wakimdharau wanasimama kumpisha. Sare ya kudumu, inayonunuliwa mara moja na kuvaliwa miaka kumi, humsitiri maskini. Kitenge kinachobadilika kila tukio ili picha zipendeze humvua nguo mbele za watu.

Tumeliacha jambo hili lizoeleke kwa sababu tukizungumzia wanawake na uongozi wa kanisa, macho yetu yote yanakwenda madhabahuni. Ni mjadala muhimu. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, KKKT, liliridhia wanawake wawe wachungaji mwaka 1990. Kwa jirani zetu wa Kenya, Kanisa Anglikana lilimweka Rose Okeno kuwa askofu wa Butere mwaka 2021. Magazeti yaliandika, watu walibishana, na sawa. Lakini kuna kiti kingine ambacho mwanamke amekikalia miaka yote bila mtu kubishana naye: kiti cha mwenyekiti wa akina mama. Yeye ndiye anayepanga nani atembelewe hospitalini, nani achangiwe rambirambi, nani apewe mkopo wa kikundi, nani aitwe jikoni na nani aitwe meza kuu. Ana nguvu kubwa kwenye maisha ya mwanamke wa kawaida, na tunamchagua kwa kigezo gani? Mara nyingi ni uwezo wa kuchangisha, mume mwenye nafasi, na sauti ya kuongoza nyimbo.

Biblia yenyewe ina vigezo vingine. Katika Matendo ya Mitume sura ya sita, kanisa changa kabisa linakumbwa na manung'uniko: wajane wa upande mmoja wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku. Mitume hawakuwaambia wajane wale wafunge na kuomba zaidi. Walikiri kuwa utaratibu una kasoro, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema na hekima, wakawakabidhi mgao. Kwa hiyo orodha ya nani amepata na nani amekosa ni kazi ya kiroho tangu mwanzo, na inahitaji mtu mwenye hekima kuliko mwenye sauti.

Sura ya tisa ndiyo inayonigusa zaidi. Huko Yafa anafariki mwanamke aitwaye Tabitha, au Dorkasi, ambaye baadhi ya makanisa yetu yamevipa vikundi vya akina mama jina lake. Petro anaitwa, anafika ghorofani, na wajane wanamzunguka wakilia huku wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa hai. Hakuna aliyesoma wasifu, wala hakuna aliyetaja cheo chake. Ushahidi wa uongozi wake walikuwa wameuvaa. Jiulize, ukifa leo wewe mwenyekiti, wajane wa kanisa lako wataonyesha nini? Dorkasi alishona akagawa. Sisi tunashona, tunauza, na tunasoma majina ya wadaiwa.

Hata waliotuletea mfumo huu wa umoja wa akina mama hawakuanza hivyo. Mwaka 1876, katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza, Mary Sumner, mke wa mchungaji, aliwakusanya akina mama wa parokia, wa nyumba kubwa na wa vibanda, kwa imani kwamba kulea watoto kunawahusu wote. Siku ya kikao cha kwanza alishikwa na woga akashindwa kusema, akawaomba warudi wiki inayofuata. Walirudi. Leo umoja huo wa Kianglikana una mamilioni ya wanachama, wengi wao wakiwa Afrika. Ulianza bila mgeni rasmi na bila hotuba, ila aliyeuanzisha aliwataka maskini na matajiri wakae chumba kimoja.

Wengine watanijibu kwamba kanisa linaendeshwa kwa michango, na asiye na nia ya kutoa hakosi sababu. Ni kweli michango inahitajika. Akina mama ndio waliopandisha mapaa ya makanisa mengi nchini. Lakini yule mjane wa senti mbili hakupangiwa kiwango. Alitoa alichokuwa nacho, na Bwana akamhesabia kuwa ametoa kuliko wote. Sisi tumepanga kiwango, tukaweka na tarehe ya mwisho.

Napendekeza mambo ambayo hayahitaji azimio la sinodi. Chama kiwe na sare moja ya kudumu, na anayekaribishwa kwenye kongamano aruhusiwe kuja na aliyonayo. Majina ya wasiolipa yasisomwe hadharani kamwe. Mhazini anajua namba zao za simu. Kila chama kitenge fungu la kuwalipia wasio na uwezo, na fungu hilo lijulikane na watu wawili tu, ili anayesaidiwa asigeuke hadithi. Hesabu zisomwe kila robo mwaka, kwa risiti, mbele ya wale waliotoa. Mwenyekiti akimaliza muhula wake wa pili aondoke, na awe ameshamwachia msaidizi wake kuendesha vikao, akosee na arekebishwe, wakati yeye mwenyewe bado yupo. Uongozi wa kukalia kiti miaka 20 huzaa chama cha mtu mmoja, na siku akifa chama kinazikwa naye.

Na kuna lile dogo linalosahaulika: kutembeleana. Mwenyekiti mwenye kilo mbili za sukari na saa moja ya kukaa kwenye mkeka wa mtu atajua mambo ambayo hayamo kwenye daftari lolote. Atajua kwamba mume ameachishwa kazi, kwamba binti amerudi nyumbani na mtoto, kwamba ile cherehani imeuzwa. Akishayajua, hataweza tena kusimama mbele na kuuliza kwa nini fulani hajalipia kitenge.

Kwa hiyo, mama mwenyekiti unayesoma safu hii, kabla hujapanda daladala kwenda Kariakoo kuchagua kitenge cha mwaka huu, chukua karatasi uandike majina ya akina mama watano walioacha kuja tangu kongamano lililopita. Nenda kwao kwanza, kitenge kitafuata. Na kama majina yenyewe huyajui, mwachie mwenzio kiti.