Jirani Alizima Taa

Kila Oktoba mnaanza. Ati Halloween ni muvi ya wazee. Ati damu haionekani, ati jamaa anatembea polepole kama mtu ametumwa maziwa na bado anakupata ukikimbia. Ati inasifiwa tu juu wazungu wanakumbuka utoto wao. Nimewasikia wote, hadi mbogi yangu ya Umoja, na nasema mmekosea. Hiyo muvi ya John Carpenter ya 1978, ile ya kwanza, si zile kumi na mbili zilizofuata, inatuhusu watu wa Eastlands kuliko muvi yoyote ya kutisha mnanitumia saa hii.

Tumalize ya doo kwanza, juu ndiyo mnapenda kuchekea. Ilitengenezwa na dola kama 325,000, na kwa Hollywood hiyo hata wakati huo ilikuwa pesa ya chai. Ile sura nyeupe ya Michael Myers ni maski ya Captain Kirk wa Star Trek, yaani uso wa William Shatner. Waliinunua chini ya dola mbili, wakapanua matundu ya macho, wakaipuliza rangi nyeupe. Stori ni ya Oktoba lakini walikuwa wanapiga California kabla hata majani hayajafikiria kuanguka, basi ikabidi wayapake rangi, wayamwage barabarani, wakimaliza wayaokote watumie tena kesho. Jamie Lee Curtis alilipwa dola 8,000. Muziki Carpenter alitunga mwenyewe. Ikarudisha kama dola milioni 70, na 2006 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwa orodha ya filamu za taifa za kuhifadhiwa.

Sisemi umaskini ni kipaji. Kuna muvi za bei rahisi ambazo ni takataka tu, na River Road zimeuzwa nyingi. Nasema kukosa doo kulimlazimisha Carpenter aangalie mtaa. Hakuwa na jitu la kutuonyesha, kwa hivyo kamera inakaa kwa barabara, madirisha, mlango wa nyuma. Na muda mrefu ni mchana kweupe! Laurie yuko darasani, anaona mtu amesimama ng'ambo ya barabara. Anatembea na rafiki yake Annie, anamwona tena kando ya kayaba. Annie anaenda kuangalia, hapati mtu, anamcheka. Laurie anafika nyumbani, anachungulia dirishani, na Michael amesimama katikati ya nguo zilizoanikwa.

Nguo zilizoanikwa, wasee. Nyinyi mnaoishi ghorofa ya tano Kayole, mkipanda juu kuanua nguo na stima imepotea, mashuka yanapepea, mnatembea aje huko? Mimi nikiwa mdogo nilikuwa naimba kwa sauti.

Lakini hiyo bado si sababu yenyewe. Sababu ni sekunde chache karibu na mwisho, na wengi wenu hamzikumbuki hata kidogo. Laurie ametoka nyumba ambayo marafiki zake wameuawa. Ameumia. Anakimbilia kwa jirani akipiga nduru, anagonga mlango, anaomba msaada. Taa ya nje inawaka. Mtu anachungulia dirishani. Halafu anafunga, na taa inazimwa.

Basi. Muvi haielezi kitu. Huyo jirani hatujui jina lake, na harudi tena.

Nimeishi ploti tatu, mbili Kayole na moja Umoja, na hiyo nimeiona zote tatu. Saa sita usiku, nduru ya mwanamke kutoka ghorofa ya juu. Unasikia televisheni za watu zikipunguzwa sauti. Hazizimwi, zinapunguzwa, ndio wasikie vizuri. Taa moja inawaka, inazimwa. Mtu kwa koridoo anasema, "Hayo ni mambo ya bibi na bwana." Soja wa geti anajifanya amelala. Asubuhi kwa mama mboga kila mtu ana stori kamili, hadi saa ilianza anaijua.

Najua sababu zetu. Unaogopa kisu. Unaogopa wakipatana kesho wewe ndiye utakuwa adui. Ukipiga simu unaulizwa wewe ni nani yake. Hata huyo jirani wa Haddonfield alikuwa na yake: ni usiku wa Halloween, labda alidhani ni vijana wanacheza. Hapo ndipo hiyo muvi inanimaliza. Jirani hana roho mbaya. Ni mtu wa kawaida anataka kulala.

Sasa kuna ule wimbo mwingine mnaoupenda: dem akilala na mtu anakufa, bikira anaokoka. Kabla niache chuo, mhadhiri mmoja alituandikia hiyo kwa ubao kama amri ya Musa. Kuna msomi wa Marekani, Carol Clover, aliyeandika mwaka 1987 kuhusu "msichana wa mwisho" wa hizi muvi, na aliandika kwa akili kuliko venye mnamnukuu. Lakini itazameni Halloween yenyewe. Huyo mtakatifu wenu Laurie anavuta bangi kwa gari na Annie! Carpenter amekataa kabisa kwamba alikuwa anawaadhibu hao wasichana. Kwake, wengine akili ilikuwa kwa wapenzi wao, na Laurie hakuwa na mpenzi, basi alikuwa na nafasi ya kuangalia nje. Na maneno ya hao madem yaliandikwa na mwanamke, Debra Hill, aliyeandika muvi na Carpenter na pia akawa prodyusa. Haddonfield ni jina la mji wake wa kuzaliwa, New Jersey. Alikuwa anawajua hao wasichana. Hakuwa anawachukia.

Hiyo sheria tumeileta sisi watazamaji. Januari 2024 wanawake waliuawa Nairobi kwa nyumba za kukodi za siku chache, na kabla hata mazishi swali lilikuwa moja: alienda huko kufanya nini? Nani alilipa? Kwani mathe wake hakujua? Tarehe 27 mwezi huo maelfu ya watu waliandamana, na swali bado liliendelea. Mtu anauliza hivyo akiwa ametulia kwa kiti, na hajui ameshika pazia mkononi.

Halafu Julai 2024, maiti za wanawake zikatolewa zikiwa kwa magunia, kwenye timbo la zamani la Kware, Mukuru kwa Njenga. Hapo ni kwetu. Kituo cha polisi kiko hatua chache tu. Mshukiwa akashikwa, na Agosti akatoroka seli za Gigiri pamoja na mahabusu wengine, maafisa kadhaa wakasimamishwa kazi. Kama ni yeye au si yeye hiyo ni kazi ya korti. Mimi nasema tu msiniambie tena kwamba mwanzo wa Halloween hauwezekani: mtu anatoroka alikofungiwa, daktari wake anazunguka mji mzima akionya watu, sherifu anamwona kama amechanganyikiwa, na binti wa huyo sherifu ni mmoja wa wanaouawa usiku huo.

Mnataka bajeti? 2007 Rob Zombie alipewa kama dola milioni 15 akaitengeneza upya. Akatumia muda mrefu kutueleza utoto wa Michael, familia mbovu, matusi, shida za shule. Sasa tunajua. Asante. Usiku huo nililala vizuri sana.

Ile ya 1978 haikupi hiyo zawadi. Mtoto wa miaka sita, nyumba nzuri, mtaa mtulivu, kisu cha jikoni. Wazazi wanarudi, baba anamvua maski, mtoto anaangalia tu. Hakuna sababu. Na sisi tunapenda sababu kama nini, juu sababu inakuweka mbali na jambo. Alikuwa mlevi. Alikuwa na wazimu. Dem alikula fare. Ukishapata moja unaweza kurudi kwa simu yako.

Mwisho wenyewe mnaujua. Michael anapigwa risasi sita, anaanguka kutoka juu, daktari akiangalia chini hakuna mtu kwa nyasi. Watu wengi hapo wanainuka kutafuta viatu. Kaeni. Kamera inarudi mahali pote tulipopita: kiti, ngazi, sebule, halafu nje, nyumba za mtaa zikiwa gizani, na juu ya hizo picha unasikia mtu akipumua. Mimi hapo huwa natafuta ile ya jirani.

Itazameni tena wiki hii. Mkifika pale Laurie anagonga, simamisheni, mhesabu milango ya ploti yenu. Halafu mniandikie ni mingapi mnadhani ingefunguka, na kama wenu ni mmoja wao.