Skrambla ya Mtandaoni? Anza na Spea

Wasee, skrambla za Jiji zinavutia kinoma. Madigadi iko juu, matairi yana meno, bei poa. Lakini kabla utume hata bob, pigia fundi wako umuulize kama sproketi na kebo ya klachi ya hiyo nduthi zinapatikana hapa Nakuru. Akisema lazima ziagizwe, achana nayo.

Mimi nikiwa na doo kidogo nachukua Boxer 150X. Najua mtanicheka, eti hiyo ni ya boda. Si ndiyo maana spea zake ziko kila kona! Weka matairi ya murram, panda Menengai.

Na usiende chini ya 150cc. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, na injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kutoka huku Milimani hadi juu ya kreta, na beshte amekaa nyuma, 100cc italia.

Logibuku nayo: muuzaji ndiye anaanzisha uhamisho kwa eCitizen, wewe unakubali. Akikwambia "tutafanya baadaye", usilipe. Hata akiwa binamu yako.