Naivasha: ziwa limepanda, hema tulipige wapi?

Wikendi ndefu ikikaribia wimbo ni ule ule. Kundi la marafiki linachanga, mmoja anaazima hema kwa binamu yake, mwingine anabeba sufuria na mkaa, mbio hadi stendi. Kilomita 90 hivi kutoka Nairobi mko Naivasha, mnadandia matatu nyingine ya Kongoni kwa barabara ya Moi South Lake, jioni mnaota moto. Na tangu Safari Rally irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021 na kuweka kituo chake Naivasha, watu ndio wamezidi. Sawa kabisa, nchi ni yetu, tutembee.

Lakini hebu jaribu kulifikia ziwa lenyewe bila kulipa mtu. Ukitembea barabara ile, mkono wa ziwa ni ukuta, ua, geti, askari. Shamba la maua, hoteli, kambi ya binafsi, shamba la maua tena. Ziwa ni mali ya umma, hilo halina ubishi, ila njia ya kwenda majini imebanwa. Fukwe za umma ni chache, kama Karagita na Kamere, na hizo ndizo za wavuvi, za wachota maji, za wafua nguo, na sasa zetu sisi na mahema yetu.

Jambo hili lina historia. Tangu miaka ya 1930 wenye mashamba yanayopakana na ziwa walikubaliwa kuitumia ardhi inayobaki wazi maji yanaporudi nyuma, kwa sharti kwamba wasijenge kitu cha kudumu. Maana yake wakoloni wenyewe walishajua kwamba ziwa hili huenda na kurudi. Mwaka 2009 lilikuwa limenywea hadi watu wakasema linakufa. Mwaka uliofuata likaanza kupanda, na mwaka 2020 likawa ndani ya nyumba za watu. Mwaka 2025 maji yaliingia tena mtaa wa Kihoto, maelfu wakahama, wengine wakitolewa kwa mashua na magodoro yao. Si Naivasha peke yake. Nakuru na Baringo nako maji yamemeza ardhi. Ripoti ya mwaka 2021 ya serikali na UNDP iliweka lawama kubwa kwa mvua iliyoongezeka, pamoja na miti kukatwa na udongo kusombwa kutoka vilima vya juu.

Sasa hapa ndipo mpiga kambi anapoingia. Kiboko hushinda majini mchana, usiku hutoka kula nyasi. Zile nyasi zake za ukingoni zikizama, kwani atalala njaa? Anapanda juu, kwenye shamba la mtu, kwenye uwanja wa mpira, kwenye bustani ya hoteli. Ndio maana kambi zenye akili zimezungusha waya wa umeme kati ya maji na mahema, na ukiambiwa usivuke waya usiku usione kama unanyimwa raha. Agosti 2018 kiboko alimuua mtalii kutoka Taiwan aliyekuwa akipiga picha ukingoni. Siku hiyo hiyo mvuvi naye akauawa. Mtalii alitangazwa dunia nzima, mvuvi akapewa mstari mmoja. Kwenye fukwe za umma waya hakuna, na anayelala pale ni yule asiye na pesa ya kambi. Hesabu hiyo haihitaji kalamu.

Wengi wetu tukishaona hivyo tunaamua kulala Hell's Gate, kilomita chache tu kutoka ziwani. Uamuzi mzuri kusema kweli. Ni hifadhi ya taifa tangu 1984, ina kilomita za mraba 68 hivi, na ni mojawapo ya hifadhi chache Kenya unazoweza kuzunguka kwa baiskeli au kwa miguu, twiga na pundamilia wakikutazama tu. (Baiskeli kagueni breki kabla ya kulipa, zingine ni za mapambo.) Malipo ya geti ni kwa eCitizen, kwa hiyo fanyeni mambo hayo mkiwa bado na bando.

Hatari ya kule ni korongo, Ol Njorowa. Enzi za kale, ziwa likiwa kubwa kuliko la leo, maji yake yalitokea hapo kwenda kusini, na ndiyo yaliyochonga kuta zile tunazopigia picha. Mvua ikinyesha juu milimani maji bado yanaikumbuka njia hiyo. Unaweza kuwa umesimama kwenye mchanga mkavu, jua linakuchoma, na mafuriko yako njiani. Aprili 2012 vijana 7 wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walikufa humo. Septemba 2019 wakafa watu wengine 7, akiwemo kiongozi wao wa njia. Kwa hiyo kumkodi mwenyeji pekee si kinga. Baada ya 2019 korongo lilifungwa, na kuingia au kutoingia ni jambo la kuuliza getini siku ile ile mnapofika.

Mimi nasema Shirika la Wanyamapori linapaswa kuwa na mtu huko juu, mwenye simu ya upepo, ambaye akiona wingu jeusi korongo linafungwa papo hapo, hata kama foleni ya waliolipa ni ndefu. Na kaunti ya Nakuru, inayopokea ushuru wa hoteli zote zile, izungushie Kamere na Karagita waya na kuweka taa, kisha iweke alama za mahali maji yalipofika 2020 na 2025 ili asijitokeze mtu kuuziwa ploti hapo ziwa likirudi nyuma tena. Madalali wa ardhi wa Naivasha wanaijua mistari hiyo vizuri sana, wanasubiri tu ukame.