Saa za kompyuta zetu zinamfuata nani?

Novemba 2022, mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliofanyika Versailles, Ufaransa, uliamua kuwa ifikapo 2035 utaratibu wa kuongeza sekunde moja moja katika saa ya dunia uachwe. Tangu 1972 sekunde hizo zimeongezwa mara 27. Ile ya usiku wa kuamkia Julai 1, 2012 iliangusha tovuti kadhaa na kuchelewesha abiria wa ndege nchini Australia. Sekunde moja tu!

Wapo watakaosema hayo ni ya wakubwa, sisi hayatuhusu. Hatukubaliani nao. Anayetuma pesa kutoka London au Muscat kwenda Mombasa anategemea kompyuta kadhaa, na kila moja huandika saa yake. Zikitofautiana, kumbukumbu zitaonyesha kuwa pesa zilipokelewa kabla hazijatumwa. Ukizuka ugomvi, ataaminiwa nani?

Dawa ipo tangu 1985. Ni utaratibu uitwao NTP, uliobuniwa na Profesa David Mills wa Marekani, aliyefariki Januari 2024. Kompyuta huiuliza seva saa, hupima muda wa swali kwenda na jibu kurudi, kisha huchukulia kuwa safari zote mbili ni sawa. Njia ikiwa ndefu, na upande mmoja una msongamano, hesabu hupotoka. Ndiyo maana seva ya jirani ni bora kuliko ya mbali.

Hapo ndipo penye tatizo. Katika mradi wa kujitolea wa NTP Pool, ulioanza 2003, seva za Ulaya ni nyingi mno ukilinganisha na za Afrika nzima.

Ushauri wetu kwa mafundi wa benki, kampuni za simu na ofisi za serikali ni huu: msitegemee seva moja, maana ikikosea hamtajua. Mbili zikipingana, hamtajua ipi ni kweli. Wekeni nne. Kumbukumbu nazo ziandikwe kwa saa ya dunia, UTC, si ya mahali.

Vyuo vikuu vyetu navyo viweke seva zinazopokea saa kutoka setilaiti za GPS, na viziache wazi kwa umma. Kinachohitajika ni antena juu ya paa, kipokezi, kompyuta ndogo na fundi wa kuiangalia. Kwa nini tuendelee kuazima saa ng'ambo?