Kumpenda Mtu Si Kuidhinisha Kazi Yake

Hapa Chala, na katika Taita Taveta nzima, lipo neno moja ambalo limeziokoa kazi nyingi mbovu: "Lakini ni mtu mzuri." Anayelisema hasemi uongo. Mheshimiwa huja matangani, huwataja wazazi wetu kwa majina, huketi nasi bila makuu, na siku ya harambee mkono wake si mzito. Hatuudharau uungwana. Tunachokataa ni kuufanya stakabadhi ya kazi ambayo haikufanywa.

Wakenya tulizoezwa kuyachanganya mambo haya mawili kwa miaka 24. Rais Daniel arap Moi, aliyetawala tangu 1978 hadi 2002, alipendwa na wengi, tena kwa dhati. Waliokunywa maziwa ya Nyayo shuleni, mpango ulioanza 1979, wangali wakiyasimulia kwa furaha. Alisimamisha msafara njiani akawasalimu wachuuzi, na Jumapili alionekana kanisani. Lakini mwaka 1982 kifungu cha 2A kilitiwa katika Katiba, KANU ikawa chama pekee kisheria. Mwaka 1984 aliwataka mawaziri wamfuatishe kama kasuku. Na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mabilioni ya fedha za umma yakapotea katika kashfa ya Goldenberg. Aliyeihoji kazi aliambiwa anamchukia mtu, na kumchukia mtu kukawa uasi.

Uovu huo ulifikia kilele katika mlolongo wa 1988. Wapiga kura walijipanga mchana kweupe nyuma ya wagombea au mawakala wao. Hebu fikiri, ndugu msomaji: aliyekusaidia kumzika mama yako anakutazama usoni, nawe unakwenda kusimama nyuma ya mwingine! Hapo hapana hukumu ya kazi. Pana haya, na pana hofu. Si ajabu kwamba viongozi wa makanisa waliupinga mpango huo tangu 1986. Kura ya siri humruhusu mtu kumkumbatia mheshimiwa asubuhi na kumnyima kura saa nne, wala asiwe mnafiki. Waingereza walifanya hivyo Julai 1945: walimshangilia Winston Churchill kwa kuwaongoza vitani, kisha wakakikabidhi chama kingine kazi ya kuijenga nchi.

Makanisa nayo yana deni lao katika jambo hili, maana mimbari ndiyo soko kuu la kupendwa. Novemba 2024, Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Nairobi aliagiza zirudishwe shilingi milioni 2.6 ambazo Rais William Ruto alikuwa amezitoa katika kanisa la Soweto, Nairobi, na akazikataa ahadi nyingine. Wapo waliomwona hana shukrani. Sisi tunaona aliwatendea waumini wake wema mkubwa, kwa kuwa aliyepokea mbele ya watu huona vigumu kuuliza mbele ya watu. (Kwaya isiyo na sare mpya huimba vile vile.)

Wazee walisema, uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Nasi tunaishi kando ya ziwa lililojaa maji ya Kilimanjaro, katika kaunti ambayo sehemu yake kubwa ni mbuga ya Tsavo. Kazi ya kiongozi wa hapa haipimwi kwa tabasamu. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Hatuhitaji kuvizia fununu.

Basi atakapokuja tena mheshimiwa tumpendaye, apewe kiti, chai na heshima yake yote. Kisha mzee wa kanisa asimame na karatasi mkononi, amsomee polepole: Bomba la maji uliloahidi limefika wapi, na limegharimu kiasi gani? Ni wangapi waliopata hati za mashamba wanayolima? Waliokanyagiwa mahindi na ndovu wamelipwa fidia lini, na kwa mkono wa nani?